Mwalimu Aliyekosa Mshenga

Mwaka ule wa tisini na nane, ungemuuliza mtu yeyote wa Isansa kwa nini Mwalimu Ambilikile alikuwa amefika umri wa makamo bila mke, angekujibu kwa neno moja: mdomo. Si kwamba alikuwa na mdomo mchafu. Alikuwa na mdomo safi kupita kiasi, na balaa lake lote lilianzia hapo.

Alifundisha Kiswahili sekondari, na Kiswahili alikijua, tusimnyime haki yake. Akiingia darasani kufundisha tamathali za semi, hata yule mwanafunzi wa nyuma aliyezoea kusinzia alikaa wima. Shida ni kwamba kengele ikilia, wanafunzi walitoka na yeye akaendelea kufundisha. Mchungaji akisema dhambi inabisha hodi mlangoni, Ambilikile alimwinamia jirani yake kwenye benchi na kunong'ona, "Tashihisi. Dhambi imepewa mkono wa kugongea." Harusini, mtu akisema bibi harusi anang'aa kama mbalamwezi, alitikisa kichwa. "Tashbihi imechakaa hiyo. Nne kwa kumi." Mwenyekiti wa kijiji alipowatangazia watu kwamba daraja la mtoni limepumzika kidogo, yeye alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Tafsida. Maana yake limeanguka." Siku hiyo watu walicheka, kwa sababu daraja lilikuwa limeanguka kweli. Siku nyingine hawakucheka.

Na maksi alizitoa hivyo hivyo, bila kuombwa, kwa roho nyeupe kabisa. Alidhani anawapa watu zawadi. Kuna binadamu wa namna hiyo, anakukanyaga kidole huku anakusalimia vizuri, na ukipiga kelele anashangaa.

Basi mtu huyu akampenda Aida, muuguzi aliyekulia kule Mbozi Mission. Alimpenda vibaya. Walikutana zahanati alipompeleka mwanafunzi mwenye malaria, na Aida akamwambia akae kimya kwenye benchi kama watu wengine, asiwasahihishe wagonjwa namna ya kueleza maumivu yao. Ambilikile alikaa kimya. Alikaa hadi mwanafunzi aliporuhusiwa, akarudi wiki iliyofuata bila mgonjwa yeyote. Walifahamiana hivyo kwa mwaka mzima na zaidi, mpaka siku moja Aida akamwambia wazi.

"Venance wa Tunduma amemtuma mtu kwa baba. Yule mwenye malori."

"Na wewe umesemaje?"

"Mimi nimesema kuna mtu atakuja. Baba amesema atasubiri mpaka Pasaka. Pasaka ikipita na hakuna aliyekuja, atawapokea watu wa Tunduma. Sasa wewe utakuja, au utabaki kuniambia habari za sitiari?"

Ambilikile akasema atakuja. Akaondoka anajiona kama aliyepewa mbawa, na hakuisahihisha hata tashbihi hiyo.

Lakini kwenda kuposa si kama kwenda sokoni. Kwa watu wa huku, mwanamume hajiposei. Anaingia nyumba ya watu, anakaa karibu na mlango, anainamisha kichwa, na hasemi neno. Hata akiulizwa jina lake, mshenga ndiye anayejibu. Mshenga ndiye mdomo wake. Akisema vizuri, mke unaye. Akiboronga, unarudi na jembe lako la posa, lile unalowapelekea wenye binti, likiwa bado limefungwa kwenye kitambaa. Kwa hiyo Ambilikile alihitaji msemaji, na aliwajua wasemaji wote wa wilaya. Alikuwa amewapa maksi wote.

Alianza na Mwalimu Kefa, aliyekuwa akifundisha naye na kugawana naye chumba cha ofisi. Kefa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeonewa.

"Nikaseme nini, ndugu yangu? Nikikusifu utasema nimetia chuku. Nikikufananisha na kitu, utasema tashbihi imechakaa. Nikinyamaza, utasema hotuba imekosa utangulizi. Tafuta mwingine."

Mzee wa kanisa alisema mgongo unamsumbua. Katibu kata alisema ana kikao, ingawa hakuambiwa siku yenyewe. Fundi cherehani mmoja wa Vwawa, aliyesifika kwa kuposea vijana wengi, alimwambia bila kupepesa macho, "Mwalimu, ulinipa tatu kwenye harusi ya mwanangu mwenyewe." Ambilikile alijaribu kumweleza kwamba tatu ile ilikuwa ya utangulizi tu, kiini kilikuwa kizuri. Fundi akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Mwisho akapanda milima ya Ileje kwenda kwa baba yake mdogo, Mzee Osea. Baba mzazi alikuwa amefariki zamani, na Osea na mkewe Anna ndio waliomlea. Hapa inabidi niseme jambo lililotokea mwaka mmoja kabla, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini alimwacha mtu wake wa karibu awe wa mwisho.

Mzee Osea ndiye aliyekuwa bingwa wa kusema katika ukoo ule. Anna alipofariki, alisimama kando ya kaburi, akasema na mkewe. "Anna, umetuacha na nani? Anna, nani atanifungulia mlango? Anna, mbona hunijibu?" Waombolezaji walilia mpaka wanaume wazima wakaegemeana. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wanapeana mikono, Ambilikile alimwendea baba yake mdogo akamwambia, "Baba, ile ritifaa yako ilikuwa safi sana. Kuzungumza na asiyekuwepo kana kwamba yupo. Nane kwa kumi. Ungepunguza takriri ya jina, ungepata tisa."

Ndiyo. Alisema hivyo. Kaburini. Mzee Osea alimtazama, akauachia mkono wake, na tangu siku ile alimsalimia tu.

Sasa alimkuta anapalilia migomba. Akamwamkia, akaeleza shida yake. Osea hakuacha kupalilia.

"Nitakwenda," alisema hatimaye, "kwa sababu kaka yangu hawezi kwenda. Posa bila mzee wa ukoo ni dharau kwa wenye nyumba. Nitakaa. Nitakunywa chai yao. Ila mdomo wangu sifungui."

"Baba, hakuna mwingine..."

"Nimekwambia nitakaa."

Ambilikile alishuka milima ile moyo umemwia mzito. Aliona sasa kwamba Aida anaweza kumponyoka, na kwamba hakuna wa kumlaumu. Alilia kidogo njiani, penye migomba, mahali pasipo na watu.

Kwaresima ilikuwa imebaki wiki mbili kuisha alipopita mnadani karibu na Mpemba kutafuta mbuzi wa kuwapelekea wakwe, mshenga akipatikana. Ndipo alipomsikia Masumbuko. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake bonde la Momba, na siku za mnada alikuwa dalali. Mtu mkubwa, viatu vya mpira hadi magotini, sauti ya kuitia kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa amemshika dume jekundu kwa kamba.

"Ndugu zangu, huyu ana pembe moja! Ya pili aliivunja kwa ukorofi wake. Na akiona maji anagoma, lazima umtangulize mwenzake. Nani anamtaka na ugomvi wake?" Watu wakacheka. "Haya, mmeshajua ubaya wake. Sasa tazameni kifua hiki." Na hapo akaanza kumsifu, na watu wakasogea kukitazama kifua, na kila alilosema waliliamini. Dume likauzwa mapema kuliko ng'ombe wazima waliotangulia.

Ambilikile alimfuata kwenye kivuli cha banda la nyama choma. "Kwa nini unaanza na kasoro?"

"Kasoro wataiona tu, ndugu yangu. Nikiisema mimi kwanza, wananiamini nikifika kwenye sifa. Wakiiona wenyewe, hata sifa ya kweli inageuka uongo."

"Hiyo katika elimu ya ushawishi inaitwa—"

"Usiniambie!" Masumbuko aliinua mkono. "Nikishajua jina lake nitaanza kuiogopa. Wewe ndiye yule anayewapa watu maksi, siyo? Nimekusikia hata kule bondeni."

Sijui ni kitu gani kilichomsukuma, labda njaa, labda zile siku chache zilizobaki. Ambilikile alimweleza mtu huyu asiyemfahamu habari zote, za Aida, za Venance na malori yake, za Kefa, za fundi cherehani, na mwisho za kaburini. Masumbuko aliacha kutafuna.

"Ulimwambia hivyo baba yako?"

"Nilimwambia."

"Lo." Akafuta mikono yake polepole. "Nitakwenda kukuposea. Siogopi maksi zako. Lakini mimi nanadi namna moja tu, na umeiona."

Ambilikile alielewa anachoambiwa: kasoro zake ndizo zitakazotangulia. Usiku ule aliandika hotuba ya kurasa nne, yenye utangulizi, maswali ya balagha, tabaini mbili na hitimisho tamu, akampelekea Masumbuko. Masumbuko aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia mfukoni. Haikuonekana tena.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi walifika kwa Mzee Yonasi, baba yake Aida, mvua ikiwa imenyesha na njia yote ni tope. Walikuwa watatu, na jembe la posa likiwa kwenye kitambaa chake. Mzee Osea alivaa koti lake la kanisani na uso uliofungwa. Masumbuko alivua viatu vya mpira mlangoni, akaingia na soksi. Ambilikile, ndani ya suti aliyoiazima kwa Kefa, alikaa kiti cha karibu na mlango akainamisha kichwa. Mzee Yonasi alikaa mbele yao, mwembamba, mpole, macho makali, na pembeni yake dada yake, Shangazi Loisi, ambaye ulimi wake ulijulikana kata nzima. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerudishwa bila kufungwa, na kila mtu alijua nani amesimama nyuma yake.

Salamu zikapita, hali ya mvua ikapita, kahawa shambani ikapita. Kisha Mzee Yonasi akasema, "Tunawasikiliza."

Masumbuko akasimama. "Mzee, shikamoo tena. Nimekuja na kijana. Ana kasoro."

Shangazi Loisi alishusha kikombe.

"Ya kwanza, hana ng'ombe. Hata ndama. Mimi Msukuma naona aibu kulitamka hilo, lakini ndivyo ilivyo. Ya pili, akila anasoma gazeti, mchuzi unamdondokea. Ya tatu ndiyo kubwa. Anapima maneno ya watu. Mtu akilia, yeye anasikiliza namna alivyolia. Mzee, usidhani mimi ndiye wa kwanza kuombwa kuja hapa. Wote wanaomfahamu wamekataa, kwa sababu wanamwogopa. Hata huyu mzee niliyekaa naye ni baba yake mdogo, amemlea, na amekuja kukaa tu. Siku anamzika mke wake, kijana huyu alimpa maksi."

"Yesu wangu!" alisema Shangazi Loisi.

Ambilikile alikuwa ameinamia sakafu. Mwanzoni kichwa chake kilifanya kazi yake ya kila siku. Kukiri udhaifu ili kujenga imani. Kupanga hoja kutoka ndogo kwenda kubwa. Halafu akasikia "mke wake", na majina yote ya mbinu yakamtoka. Akamwona mama yake mdogo Anna jikoni, anapepeta mchele, anaimba vibaya kama alivyoimba siku zote.

"Mshenga," alisema Mzee Yonasi, "umekuja kuposa au kushtaki?"

"Nimekuja kunadi, mzee. Sifa zake ninazo, ila sitaanza kuzitaja kabla hujaikagua kasoro. Mwulize mwenye mali."

Mzee Yonasi akamgeukia Osea. "Mzee mwenzangu, ni kweli haya?"

Osea aliweka kikombe chake chini. Angeweza kusema neno moja tu na kila kitu kikaisha, naye alijua, na Ambilikile alijua, na mlango wa nyuma ulijua. Naam, nimeupa mlango akili. Na iwe hivyo.

"Ni kweli," alisema Osea. "Nilipewa nane." Sauti yake ilikwaruza. "Aliniambia nimezungumza na asiyekuwepo kana kwamba yupo. Mimi kwangu alikuwepo, mzee. Sikuwa nahutubia. Nilikuwa naongea na mke wangu."

Hapo Ambilikile alifanya lisilofanywa. Alitoka kwenye kiti chake, akavuka sebule ya watu katikati ya posa yake mwenyewe, akapiga magoti mbele ya baba yake mdogo. Shangazi Loisi alifungua mdomo kumkemea, Mzee Yonasi akamzuia kwa kidole.

"Baba, nilikukosea," alisema Ambilikile. "Mama alinilea. Siku ile niliogopa kulia mbele ya watu, nikakimbilia kitu ninachokijua. Nilipokuwa nahesabu maneno yako, nilikuwa sisikii kwamba amekufa. Nilitaka nisisikie. Nikakuacha unalia peke yako. Nisamehe, baba."

Ilikuwa hotuba mbaya. Haikuwa na utangulizi, sauti ilimkatika mara mbili, na sentensi ya mwisho ilimezwa na kamasi.

Osea alimtazama. Kisha akaweka mkono begani mwake, akamgeukia Mzee Yonasi.

"Nilisema sitafungua mdomo," alisema. "Sasa nifungue. Mke wangu aliugua miezi mingi. Huyu alikuwa anakuja kila Ijumaa kutoka Isansa. Gari linaishia chini, milima ile anaipanda kwa miguu, mvua au jua. Mgonjwa alifika mahali hajiwezi, na binti zangu wako mbali. Huyu ndiye aliyefua matandiko yake. Aliona haya kuonekana na watu, akawa anafua kabla hakujapambazuka, kisha anaingia ndani anamsomea hadithi mpaka anacheka. Mke wangu alicheka wiki ile ile aliyokufa, mzee. Nimekaa mwaka mzima na hasira, nikayasahau hayo. Msinione mtu mwema, niliyasahau. Huyu ni mwanangu. Nakuombea binti yako kwa ajili yake."

Mvua ilianza tena juu ya mabati. Masumbuko, aliyekuwa bado amesimama, alikaa chini taratibu, maana kazi yake ilikuwa imefanywa na mwenye mali.

Mzee Yonasi alikuna kidevu. Kulikuwa na kitu kama tabasamu kinampitia, lakini macho yalikuwa bado makali, na Ambilikile akajua mtihani haujaisha.

"Mwalimu, mila inasema nisikuulize kitu, lakini mila umeshaivunja wewe mwenyewe. Hayo aliyosema baba yako sasa hivi, unayapa ngapi?"

Sebule nzima ikamgeukia. Hata Masumbuko alionekana kutojua la kuomba.

Ambilikile alitafuta. Aliyatafuta maneno ya baba yake kichwani mwake ili ayakague, akakuta hayakupangwa popote. Alichokuta ni Anna anacheka, shuka zenye maji baridi ya alfajiri, na mkono wa mzee huyu begani.

"Sijui, mzee," alisema. "Nilikuwa nasikiliza."

Mzee Yonasi akaegemea kiti chake.

"Loisi, mwite mtoto."

Hakuna aliyehitaji kuitwa. Mlango wa nyuma ulifunguka kabla Shangazi hajainuka, na Aida akaingia na kitenge begani, macho mekundu, akapiga goti kuwasalimia wageni mmoja mmoja kama alivyofunzwa. Baba yake akamuuliza swali ambalo kila binti wa nyumba zile huulizwa, mbele ya watu, mara moja tu.

"Watu hawa wamekuja na jembe. Unawafahamu? Tulipokee, au tuwarudishie?"

Aida alimtazama Ambilikile, aliyekuwa bado amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, suti ya watu imejaa tope, pua inamtiririka.

"Nilikuwa namfahamu nusu, baba," alisema. "Hii nusu nyingine ndiyo nilikuwa naisubiri. Lipokee."